Neno "kesho" limetoka wapi, na kesho yenyewe huanza saa ngapi?

#1 Mlumbi (mleta mada)

Salamu wanajukwaa. Nina hoja ambayo nimekuwa nikiitetea barazani, na leo naileta hapa ipigwe msasa. Nashikilia kwamba "kesho" haikuanza kuwa jina la tarehe inayofuata leo, bali ilikuwa jina la kile ambacho watu hukikuta baada ya kukesha, yaani mapambazuko. Kitenzi ni "kesha" na nomino yake ni "kesho", kama vile "soma" inavyozaa "somo", "penda" ikazaa "pendo", "tenda" ikazaa "tendo" na "nena" ikazaa "neno". Ikiwa ndivyo, basi mtu aliye macho saa nane za usiku akamwambia mwenzake "tutaonana kesho" amesema sahihi kabisa, hata kama simu yake imekwisha kubadili tarehe, kwa kuwa kesho yake haifiki mpaka kuche. Naomba wajuzi wa lugha na wenyeji wa lahaja mbalimbali waseme: ni kweli kesho imezaliwa na kukesha, au ni sauti tu zilizofanana?

#2 Msoma_Kamusi

Mlumbi, umeanzia katikati ya safari. "Kesha" nayo ina mzazi, na mzazi huyo ni kitenzi kifupi "cha", kile tunachokisikia katika "kumekucha" na "usiku kucha". Humo ndimo yalimotoka "macheo", na humohumo ndimo lilimotoka neno tunalolitumia kila siku bila kulitazama usoni: "kuchelewa". Maana yake ya awali ni kukutwa na mapambazuko, yaani mtu amekusudia kuondoka usiku ili apate baridi ya njia, akashtuka kumekwisha kucha. Siku hizi tunachelewa hata mkutano wa jioni, lakini ndani ya neno bado mna jua la asubuhi. Methali inayosema "usiku wa deni haukawii kucha" imekihifadhi kitenzi hicho katika maana yake ya asili. Kwa hiyo mimi nasema shina ni "cha", kisha "kesha", kisha "kesho".

#3 Abu_Nahau

Kabla hatujafika mbali, naona tumelipita swali ambalo lingepaswa kutangulia. Msamiati wetu wa wakati umejaa Kiarabu: saa, dakika, muda, zamani, karne, alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, na hata "wakati" wenyewe. Kwa nini tusianze kwa kuuliza kama "kesho" nayo ilikuja na jahazi hilohilo?

#4 Msoma_Kamusi

Tuulize, ndugu Abu_Nahau, lakini jibu halitachukua muda. Kiarabu cha maandishi husema "ghadan" na cha mazungumzo, katika nchi nyingi, husema "bukra". Sauti za maneno hayo mawili haziwezi kutupa "kesho" kwa njia yoyote ninayoijua. Tena orodha yako inaonyesha mgawanyo wenye maana: maneno ya kukata siku vipande na ya nyakati za sala ndiyo yaliyotoka ng'ambo, ilhali leo, jana, juzi, kesho, usiku, mchana, mwezi na mwaka yamebaki ya Kibantu.

#5 Mpaka_Kagera

Mimi nimekulia kati ya wasemaji wa Kiswahili na wa Luganda, na kwangu hoja ya #2 haina shaka. Luganda husema "okukya" kwa kupambazuka, "enkya" kwa asubuhi na pia kwa kesho, "okukeera" kwa kuamka alfajiri, "okukeerewa" kwa kuchelewa, na "okukeesa obudde" kwa kukaa macho mpaka kunakucha. Itazameni hiyo ya mwisho vizuri: ni kukesha kwetu, kwa umbo na kwa maana. Kwenda kusini, Kichewa husema "kwacha" kwa maana ya kumekucha, na wito huo wa wapigania uhuru ndio uliogeuzwa jina la sarafu ya Zambia mwaka 1968 na ya Malawi mwaka 1971. Kizulu nacho husema "kusile" kumekucha, na kesho husema "kusasa". Haiwezekani watu walioko mbali namna hiyo wote wawe wamebahatisha kuiita kesho kwa jina la mapambazuko.

#6 Kinyume_Mbele

Naheshimu mifano ya Mpaka_Kagera, lakini inathibitisha tu kwamba kesho na mapambazuko ni ndugu. Haithibitishi nani alimzaa nani ndani ya Kiswahili. Mimi nasema "kesho" ilitangulia na "kesha" ikafuata. Angalieni neno "mkesha". Mkesha wa Idi au mkesha wa mwaka mpya ni usiku ulio kabla ya siku yenyewe, na watu huuita mkesha hata pale ambapo wamelala fofofo. Anayekesha ni yule anayeingoja kesho, akakataa kulala hadi aipokee. Jina la siku lilikuwapo kwanza, ndipo kitendo cha kuisubiri kikapewa jina kutokana nalo.

Pili, ikiwa "kesha" inatokana na "cha", mbona sauti hazilingani? "Kuchelewa" imeshika ch, "macheo" imeshika ch, kisha ghafla "kesha" inashika k. Hilo linahitaji maelezo, na sijayaona.

#7 Msoma_Kamusi

Swali la ch na k ni zuri na linastahili jibu. Shina la kale lilikuwa na sauti "ki", nayo ki ikifuatwa na irabu katika Kiswahili aghalabu huwa ch, kama tunavyopata "chakula" badala ya "kiakula". Luganda kimebaki na k: keera, keesa, keerewa. Nadhani "kesha" na "kesho" ni maumbo makongwe yaliyoganda kabla mabadiliko hayo hayajayafikia, ilhali "macheo" na "kuchelewa" yaliundwa baadaye, moja kwa moja kutoka kwa "cha" iliyokwisha kubadilika. Ama suala la nomino kuzaa kitenzi, Kiswahili hugeuza vivumishi kuwa vitenzi, kama "fupi" kuwa "fupisha", lakini nomino yenye o mwishoni kuvua o na kuvaa a ili iwe kitenzi ni njia ambayo sijaiona ikitumika. Nionyeshe mfano mmoja tu nami nitautafakari.

#8 Kinyume_Mbele

"Yaliganda kabla hayajafikiwa" ni maelezo yanayoweza kumwokoa mtu katika hoja yoyote. Ni rahisi vilevile kusema kwamba Kiswahili kiliazima "kesha" kutoka kwa jirani aliyebaki na k. Mfano nitautafuta.

#9 Mwana_Mvita

Kaka zangu, mmezungumza sana juu ya kucha na hakuna aliyemgusa mwenzake, yaani kuchwa. Shuleni tulifundishwa kwamba "kuchwa" ni kauli ya kutendwa ya "kucha": jua hucha, kisha jua huchwa. Maelezo hayo yanapendeza, lakini lahaja yetu inayakataa, na naomba mnifuate polepole.

Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, hutamka t mahali pengi ambapo Kiunguja, lahaja ya mji wa Unguja, hutamka ch. Macho kwetu ni mato, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, mchana ni mtana. Lakini si kila ch hugeuka: chakula hubaki chakula, kwa sababu ch hiyo imetokana na ki, kama alivyosema Msoma_Kamusi. Sasa pimeni. "Kumekucha" kwetu ni "kumekucha" vilevile, wala hakuna asemaye "kumekuta" kwa maana hiyo. Ila "kuchwa" kwetu ni "kutwa". Kwa hiyo ch ya kucha na ch ya kuchwa hazikuzaliwa pamoja. Zimekutana njiani tu na kufanana katika kinywa cha Kiunguja. Vivyo hivyo mchana, ambao kwetu ni mtana, hauwezi kuwa mtoto wa kucha, ijapokuwa wengi huapa kwamba ndivyo.

Jambo jingine linalonifurahisha ni kwamba mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na bado sanifu hiyo husema "mchana kutwa" na "keshokutwa" kwa t ya Kimvita, huku ikisema "machweo" kwa ch ya Kiunguja. Kitenzi ni kimoja, kimevaa kanzu mbili.

#10 Abu_Nahau

Dada Mwana_Mvita, hoja ya sauti nimeielewa, lakini ile "wa" ya mwisho inabaki kunisumbua. Kama "kuchwa" si kutendwa, wa hiyo inafanya nini pale?

#11 Mwana_Mvita

Haifanyi kazi ya kutendwa, Ustadhi, kama isivyoifanya katika "kunywa". Anywaye maji hatendwi na yeyote.

#12 Muuguzi_Zamu

Shukrani kwa somo hili. Mimi si mtaalamu wa lugha, ila maneno haya mawili yamenipa kazi kwa miaka yote niliyofanya zamu za usiku. Kwanza ni "kesho". Mwenzangu mgeni aliandikiwa katika orodha ya zamu kuwa ataingia saa saba usiku, tarehe fulani. Akauliza kwa mdomo, akajibiwa "unaingia kesho usiku". Yeye akaelewa usiku unaoanza baada ya jua la kesho kuzama, mwandishi wa orodha akamaanisha saa zile chache zilizobaki kabla hakujapambazuka. Zamu ikawa na pengo, na kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake mkononi kinachomtetea. Tangu hapo sikubali "kesho usiku" mpaka niambiwe "usiku wa kuamkia" siku gani.

Pili ni "kutwa". Bahasha ya dawa huandikwa "kidonge 1 kutwa mara 3". Sisi tunaoandika tunakusudia saa 24 zote, dozi ziachane kwa saa nane. Bibi mmoja alinirudishia bahasha akaniambia kwamba amevimaliza vidonge vyake vitatu kabla ya magharibi, kwa kuwa kutwa ni kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, na usiku hakuambiwa kitu. Baada ya kusoma #9 naona kwamba bibi yule alilisoma neno kuliko tulivyolisoma sisi. Siku hizi naeleza kwa saa: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku.

#13 Shehe_Mtaa

Suala la Muuguzi_Zamu lina mizizi mirefu. Katika hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapozama, si saa sita usiku wala si alfajiri. Ndiyo maana tarawehe za kwanza husaliwa kabla ya saumu ya kwanza: mwezi umekwisha andama, na usiku ule ni wa Ramadhani tayari. Kwa hesabu hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani kile ambacho wengine hukiita Alhamisi usiku. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" ni usemi uliokuja kuwapatanisha watu wa hesabu mbili. Nami naongeza kwamba neno "siku" na neno "usiku" ni shina moja la Kibantu, na maana yake ya kale ni usiku. Wazee walihesabu siku kwa kuhesabu nyusiku. Kwa hiyo, Mlumbi, wewe unayeifungua kesho kwa mapambazuko una hoja upande wa "kesho", lakini upande wa "siku" huna.

#14 Mlumbi

Ahsante, Shehe. Sidhani kama tunapingana. Siku inaweza kuanza magharibi na kesho ikaanza alfajiri, kwa kuwa la kwanza ni neno la kuhesabia na la pili ni neno la kungojea. Mtu aliyeko Alhamisi baada ya magharibi husema "kesho Ijumaa", ingawa kwa hesabu yako Ijumaa imekwisha kuingia. Hata katika nyumba za wacha Mungu husemwa hivyo.

#15 Tafakuri

Kwa kuwa Mlumbi amewataja wacha Mungu, naomba niulize: je, "kumcha Mungu" na "kucha" si kitenzi kimoja? Nimewahi kusikia mhubiri akieleza kwamba mcha Mungu ni yule anayekucha akiswali, ndiyo maana kuna mikesha ya maombi.

#16 Msoma_Kamusi

Mahubiri hayo ni mema lakini si etimolojia, yaani si elimu ya asili ya maneno, Tafakuri. "Kumcha" ni kuogopa kwa heshima, na nomino yake ya zamani ni "kicho". Mtu humcha Mungu, au mwana akamcha mzazi wake. Kitendo kinahitaji mtendwa. Kucha kwa mapambazuko hakuna mtendwa, na hata mtendaji wake ni kiambishi "ku" cha mahali, kama katika "kumetulia". Ukitaka kuviunganisha vyote, basi utaniunganishia na kucha za vidole.

#17 Mpaka_Kagera

Turudi kwenye mada kabla vidole havijaingia. Kuna usemi mmoja ambao hakuna aliyeutaja, nao ndio unaonishawishi kuliko sauti zote: "kesho yake". Tunasema "tulifika Jumapili jioni, kesho yake tukaanza kazi". Hiyo ni kesho iliyopita zamani, na hakuna Mswahili anayeshangaa. Kama kesho ingekuwa na maana ya wakati ujao, usemi huo ungekuwa kichekesho. Unawezekana kwa sababu kesho ni kucha kunakofuata, na kila siku, ya jana au ya karne iliyopita, ilikuwa na kucha kwake. "Jana yake" nayo husemwa, lakini "leo yake" hakuna.

#18 Kinyume_Mbele

Hoja ya "kesho yake" ni nzito, nakubali uzito wake, ila naiona ikiniunga mkono mimi. Inaonyesha kuwa "kesho" ni nomino kamili yenye mmiliki, inayosimama yenyewe, haitegemei kitenzi cha kukesha. Hakuna aliyekesha katika mfano wako. Watu walifika Jumapili wakalala.

#19 Mwanafalsafa_Mdogo

Mjadala huu unanikumbusha John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba wakati wa Mwafrika una pande mbili, akaziita kwa maneno ya Kiswahili "Sasa" na "Zamani", na kwamba wakati ujao ulio mbali karibu haupo, kwa vile vitenzi vya lugha alizozichunguza, Kikamba na Kikikuyu, havivuki miaka kama miwili mbele. Wengi walimpinga, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, ambaye alitumia ushahidi wa Kiakan. Lakini ikiwa kesho kweli ni mapambazuko yanayofuata tu, je, Mlumbi hajampa Mbiti silaha? Lugha inayoita wakati ujao "kukipambazuka" inaona mbele usiku mmoja tu.

#20 Mwana_Mvita

Haioni usiku mmoja. Ina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Hesabu mwenyewe hizo siku zenye majina, kisha uniambie ni lugha gani ya wale waliotuandika inayozifikia. Tena Waislamu wetu husema "kesho akhera", na hakuna kesho iliyo mbali kuliko hiyo.

#21 Bahari_Tulivu

Hapo kwenye mtondo pana ugomvi wa kila mara nyumbani kwetu. Mtondo ni siku ya tatu au ya nne?

#22 Msoma_Kamusi

Inategemea kama unaihesabu leo. Mpangilio wenyewe hauna ugomvi: leo ikiwa Jumatatu, kesho ni Jumanne, keshokutwa ni Jumatano, mtondo ni Alhamisi na mtondogoo ni Ijumaa. Ukianza kuhesabu kwa kesho, mtondo ni ya tatu. Ukianza kwa leo, ni ya nne. Linalofaa kubishaniwa ni "keshokutwa". Wapo wanaolisoma kuwa "kesho ikishakutwa", yaani baada ya jua la kesho kuzama. Wapo wanaolisoma kuwa "kesho na kutwa nyingine juu yake". Ya kwanza naiona imenyooka zaidi, kwa kuwa inalifanya neno zima kuwa hadithi ya jua: kunakucha, kunakutwa, na upande wa pili wa usiku huo ndipo ilipo siku unayoitaja.

#23 Bahari_Tulivu

Nimemwonyesha baba mpangilio huo. Amesema Ijumaa ni sawa, ila yeye ataendelea kuiita mtondo. Namheshimu.

#24 Ziwa_Magharibi

Kwa Mwanafalsafa_Mdogo: usichukue jina la siku ukalifanya kipimo cha akili ya wenyewe. Kinyarwanda na Kirundi husema "ejo" kwa jana na "ejo" kwa kesho. Ukitaka kutenganisha, kwa Kinyarwanda husema "ejo hashize" na "ejo hazaza". Lingala nayo ina "lobi" kwa zote mbili, na kitenzi ndicho kinachoonyesha upande. Hakuna Mnyarwanda anayepotea kati ya mavuno yaliyopita na yajayo. Neno ni umbali wa usiku mmoja kutoka leo, na mwelekeo hutolewa na sentensi. Naona hata "kesho yake" ya #17 inafanya kazi hiyohiyo.

#25 Mwanafalsafa_Mdogo

Nimekuelewa, Ziwa_Magharibi. Lakini basi eleza methali yetu isemayo "leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo". Kama kesho ni kucha tu, na kucha ni jambo ambalo halijawahi kukosa kutokea, kwa nini anayeitaja aitwe mwongo?

#26 Shehe_Mtaa

Kwa sababu kucha ni hakika, lakini wewe kuwapo kunapokucha si hakika. Ndiyo maana tunaongeza "inshallah".

#27 Muuguzi_Zamu

Kwa heshima, Shehe, mimi nimeisikia ikitumika kinyume cha hapo. Hutamkwa wakati wa kazi au wa ugomvi, mtu anapotaka jambo limalizwe papo hapo, na anayeitwa mwongo ni yule anayeahirisha. Haimhusu afaye usiku.

#28 Kinyume_Mbele

Mfano nilioahidi katika #8 bado naufuatilia, na nimepata njia. Nimeanza kupitia kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882, ambayo ilijengwa juu ya Kimvita, ili nilinganishe anavyozieleza "kesha" na "kesho" na wanavyozieleza waandishi waliofuata Kiunguja. Mwana_Mvita, ikiwa una wazee wanaosema lahaja bila kuchanganya na sanifu, naomba uwaulize jambo moja: je, husema "nimekesha" kwa mtu aliyekaa macho bila kumngoja yeyote wala kungoja siku yoyote, kama mgonjwa aliyekosa usingizi, au wana neno jingine kwa hilo?

#29 Mwana_Mvita

Nitamuuliza bibi, naye halali mapema. Nikipata jibu nitaliandika hapahapa.